Jalada Moja Mezani

Kumb. Na. BT/1
Tarehe 4 Machi

Kwa binti yangu,

YAH: KUONEKANA NYUMBANI SIKU YA KAZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Shangazi yako alipita kwako Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, akakukuta ndani. Anasema ulikuwa na gauni la kulalia, kalamu umeichomeka kwenye nywele, na mezani kulikuwa na vikombe vitatu vya chai, vyote vimenywewa nusu. Ulimwambia asubiri kidogo, una kazi. Alitazama huku na huku akiitafuta hiyo kazi, hakuiona.

Nimekaa masijala miaka thelathini na nne, nikitunza majalada ya watu walioajiriwa, walioacha na walioachishwa. Katika miaka hiyo yote sijaona mtu mzima akiwa nyumbani saa nne ya Jumanne isipokuwa awe mgonjwa, awe likizo au awe amefukuzwa. Mgonjwa hukuwa, maana shangazi yako anasema ulimaliza ndizi zote alizokuletea. Likizo hukunitajia. Limebaki la tatu.

Mwanangu, kama wamekufukuza niambie. Sitapiga kelele. Kinachoniuma ni kupata habari zako kupitia kwa shangazi yako, na unamjua alivyo, mpaka barua hii ikufikie ukoo mzima utakuwa umeshajua. Niandikie, usinipigie simu. Jambo la maana lina tarehe na sahihi.

Naomba kuwasilisha.

Baba yako
Karani Mkuu wa Masijala (Mstaafu)

Nakala: Mama yako, kwa taarifa.


Tarehe 10 Machi

Shikamoo Baba,

Barua yako nimeisoma nimesimama wima, utadhani nimeitwa mbele ya mkuu wa idara.

Sijafukuzwa. Niliacha mwenyewe, tangu mwezi wa kwanza. Sikukuambia kwa sababu nilijua utanifungulia faili, na naona tayari umelifungua, lina hadi namba. Pale ofisini meza yangu ilikuwa mlangoni, ubavuni kwa mashine ya fotokopi. Kila aliyepita aliniuliza karatasi ziko wapi, wino umekwisha au bado, bosi ameingia au hajaingia. Vitabu vya watu nilivihariri katikati ya maswali hayo. Siku moja nilihesabu nikakuta nimejibu watu arobaini na moja na nimesahihisha ukurasa mmoja. Nikaandika barua ya kuacha kazi siku hiyohiyo.

Sasa wachapishaji wananiletea kazi huku huku nyumbani. Hivi ninavyokuandikia nina vitabu vitatu: cha mafunzo ya ufugaji nyuki, cha useremala, na mwongozo wa wakunga. Vyote vinatakiwa kabla mwezi wa nne haujaisha, na vitatoka. Simu naizima mpaka saa sita mchana ili nisisumbuliwe, kwa hiyo barua zinanifaa kuliko unavyodhani.

Nakuwekea na ratiba yangu humu ndani uone mwenyewe. Buluu ni kuhariri, kijani ni kujibu wateja, njano ni mapumziko, nyekundu ni mazoezi ya mwili. Imenichukua siku nne kuitengeneza. Shangazi alinikuta kwenye njano, basi.

Msalimie sana Mama. Mwambie nakula.

Kitindamimba wako


Kumb. Na. BT/2
Tarehe 16 Machi

Kwa binti yangu,

YAH: RATIBA YENYE RANGI

Marahaba. Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 10 Machi.

Ratiba imepokelewa. Mama yako ameibandika ukutani karibu na kalenda kwa kuwa inapendeza. Mimi nimeisoma kwa rula, kisanduku baada ya kisanduku. Kuna cha kunyoosha mgongo. Kuna cha kupanga siku, kuna cha kupitia mpango wa siku, halafu jioni kuna cha kutathmini siku ilivyopangwa. Nilipofika kwenye kuhariri nilikuwa nimeshachoka mimi msomaji.

Pamoja na hayo, nina jambo. Kijana niliyemfundisha kazi masijala, yule aliyekuwa akichelewa kila Jumatatu, leo ndiye mkuu wa utumishi katika ofisi kubwa hapo mjini kwako. Ana nafasi ya mhariri wa taarifa. Kuna meza, kiti, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na hakuna mashine ya fotokopi karibu, nimemuuliza. Atakayepata ataripoti tarehe 2 Mei. Nimemwambia utaomba.

Fikiria. Ukishafikiria, omba.

Baba yako
Karani Mkuu wa Masijala (Mstaafu)

Nakala: Mama yako, kwa taarifa.
Shangazi yako, asipewe.


Tarehe 20 Machi

Shikamoo Baba,

Naomba usiniombee kazi. Kazi ninayo.

Na inakwenda vizuri, kama ulitaka kujua. Wakunga nimewamaliza, nimetuma juzi, wiki sita kabla ya siku yao. Nyuki wako njiani, useremala uko njiani. Nimeiboresha hata ratiba, nimeongeza zambarau.

Yule kijana wako mshukuru. Mwambie ampe mwingine mwenye shida.

Kitindamimba wako


Tarehe 24 Machi

Mwanangu,

Mimi mama yako. Naandika haraka, baba yako ameenda kununua stempu.

Barua ya maombi imeshapelekwa. Ameiandika yeye kwa jina lako. Ule mkia wa sahihi yako aliufanyia mazoezi nyuma ya gazeti asubuhi nzima, nikadhani anachora panya. Usinune, nisikilize kwanza.

Tangu astaafu, kila siku anapiga pasi shati, anavaa viatu, na saa moja na nusu yuko mezani. Mezani hapana kitu. Anakaa tu. Saa nne ananiuliza kama kuna barua. Saa tano anauliza tena. Nyumba inamshinda, mwanangu, na hawezi kulisema hilo mbele yangu wala mbele ya mtu yeyote. Anavyoona yeye, iliyomshinda baba itammaliza mtoto. Anakuogopea wewe kwa hofu yake mwenyewe, na ninamwonea huruma kweli.

Usimwambie nimekuambia. Halafu uache kunywa chai nusunusu, ni ufujaji.

Mama


Tarehe 30 Machi

Shikamoo Baba,

Nilitaka kukuandikia barua ya ukali kuhusu sahihi yangu. Usimuulize mtu nimejuaje. Nilishaanza kuiandika, ukurasa mzima, ndipo ikaja simu kutoka kwa mwenye mwongozo wa wakunga. Sasa sina uso wa kumkaripia mtu.

Ngoja nikuambie ukweli wote, maana nimechoka kuupamba.

Ratiba ile sijaifuata hata siku moja. Ninaamka, naipitia, naiona nimeshachelewa kwenye buluu, basi nakaa naipanga upya. Na watu wa jengo hili wakishajua mtu yupo nyumbani, wanamwona kama mlinzi. Nina funguo za nyumba tano, Baba. Huyu anasema fundi bomba akija nimfungulie, yule anasema mvua ikinyesha nimwanulie nguo, mwingine amesema mzigo wake uletwe kwangu kwa kuwa “wewe upo tu.” Nikirudi mezani nimeshasahau nilikuwa kwenye kitabu gani. Nikaona dawa ni kufungua vyote vitatu kwa pamoja, nikichoka huku nahamia kule. Nilijiona mjanja.

Sasa sikia. Kwenye kitabu cha nyuki kuna aya inayosema, “Kabla ya kufungua, wapulizie moshi kidogo ili watulie. Usifanye pupa, na usisimame mbele ya mlango wao.” Aya hiyo niliikata kwenye kompyuta niihamishe sura nyingine. Niliibandika kwenye mwongozo wa wakunga. Sura ya tano, mama akishafikishwa kitandani.

Mkunga mkuu mwenyewe ndiye aliyeiona. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu kama nina watoto. Kisha akasema mwongozo huo unakwenda mikononi mwa watu wanaoshika roho za watu wawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wameamua kumpa mhariri mwingine. Nililia mpaka jirani akagonga, nikadhani amekuja kunipa pole, kumbe anataka ufunguo wake.

Umeshinda, Baba. Hii kazi ya nyumbani siiwezi. Sahihi uliyoiga acha iwe yangu, nitaripoti. Niandikie tu niende saa ngapi.

Kitindamimba wako


Kumb. Na. BT/4
Tarehe 4 Aprili

Kwa binti yangu,

YAH: NYUKI NA WAKUNGA

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 30 Machi.

Nilicheka. Nakuomba radhi, nilicheka mpaka mama yako akatoka jikoni. Kisha nikaisoma mara ya pili, nikafika pale ulipolia peke yako, nikavua miwani.

Kwanza, sahihi. Ni kweli niliiga. Mimi niliyekuwa nikifuta majina ya watu kwenye daftari la ajira kwa kosa hilohilo. Ni kosa na nimeliandika kwenye jalada lako, ukurasa wa sita, kwa wino mwekundu.

Pili, nafasi umepewa. Kuripoti ni tarehe 2 Mei, saa mbili asubuhi. Nitakuja mwenyewe kukupeleka. Nilidhani nikipata jibu hili nitafurahi. Sijafurahi, na sijui kwa nini, kwa hiyo tuliache.

Tatu, mtu hakabidhi meza ikiwa na majalada wazi. Nyuki na useremala ulivipokea kwa mkono wako, lazima viondoke vimekamilika. Una wiki nne. Nisikilize, hili nalijua kuliko ninavyojua jambo lolote.

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa na majalada saba juu ya meza. Barua ya kumpongeza afisa kwa kupandishwa cheo nikaituma kwa fundi wa vyoo, na hati ya kuzibua choo ikaenda kwa afisa, siku ya sherehe yake. Karani mkuu wa wakati ule hakunifukuza. Alinisafishia meza. Akaniambia, mezani jalada moja, mengine kabatini, na kabati lifungwe. Jalada likirudi kabatini linaandikiwa tarehe ya kutoka tena kwenye daftari la kurejesha. Tarehe ikifika, karani wa masijala analitoa na kulipeleka mezani kwa afisa, afisa apende asipende. Kwa hiyo afisa hana haja ya kukumbuka kitu. Wa kukumbuka ni karani.

Wewe ulikuwa afisa na karani kwa pamoja, na mhudumu wa mapokezi wa jengo zima. Hakuna anayeiweza hiyo.

Basi mimi nitakuwa karani. Niandikie kila kilichobaki, sura kwa sura. Daftari la kurejesha nitalishika mimi huku. Nikikuandikia toa, unatoa. Nikikuandikia funga, unafunga, hata kama sentensi ilikuwa inanoga.

Kuhusu funguo: masijala ilikuwa na kidirisha. Kilifunguliwa saa tano, kikafungwa saa sita. Aliyekuja saa sita na dakika moja alirudi kesho yake, na siku moja aliyerudi alikuwa mkurugenzi. Weka kidirisha chako.

Baba yako
Karani Mkuu wa Masijala (Mstaafu)

Nakala: Mama yako, kwa taarifa. Yeye pia alicheka.


Kumb. Na. BT/5
Tarehe 9 Aprili

Orodha yako imepokelewa na kuandikishwa.

Kuanzia tarehe 12: jalada la Nyuki, sura ya nne mpaka ya sita. Saa mbili mpaka saa tano, kisha kabatini.

Jalada la Useremala libaki kabatini mpaka tarehe 21. Usilichungulie.

Karani


Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Baba,

Nimelichungulia. Nilikuwa nakumbuka koma moja imekaa vibaya kwenye sura ya randa, ikawa inaniwasha. Nimefungua, koma ilikuwa sawasawa, nimefunga.

Nyuki sura ya nne mpaka ya sita tayari. Siku mbili, Baba! Sura ya saba nayo nimeimaliza kwa sababu saa tano ilikuwa haijafika na sikuwa na kitu kingine cha kugusa. Sina kabati, nilisahau kukuambia, karatasi za kitabu ninachofunga naziweka kwenye oveni. Inafunga vizuri na siku hizi sioki chochote.

Funguo zote tano nimezirudisha kwa wenyewe. Nimewaambia nafungua mlango saa sita mpaka saa saba. Wa tano amenuna, ananipita kwenye ngazi kama mtu asiyenijua. Ile ratiba nimeitoa ukutani hapa kwangu.

Kitindamimba wako


Kumb. Na. BT/6
Tarehe 17 Aprili

YAH: KUCHUNGULIA JALADA

Hili ni onyo la kwanza la maandishi.

Nyuki wakamilike na kutumwa tarehe 20. Tarehe 21 Useremala unarejeshwa mezani: viungio, kisha kupiga msasa, kisha rangi. Kabla ya kuwasha oveni kwa sababu yoyote, wasiliana na masijala.

Karani

Mwanangu, mama yako anachomeka mstari mmoja. Meza ya baba yako sasa imejaa, kuna daftari, rula, kalamu za rangi mbili na bahasha ya ile orodha yako. Amenikataza kuweka sahani. Jana hakuuliza saa nne kama kuna barua, mpaka nikaenda kutazama kama mzima. Alikuwa anakupangia sura.


Tarehe 26 Aprili

Shikamoo Baba,

Nyuki walikwenda tarehe 20. Useremala umekwenda jana, siku tano kabla ya wakati. Mchapishaji wa useremala amenipigia leo saa sita na nusu, simu ikiwa wazi. Anasema alitafuta kosa akalikosa, na amenipa kitabu cha ufundi baiskeli, nakianza nikitaka.

Naandika haya kwa shida. Baba, sitaki kwenda tarehe 2. Wiki mbili hizi nimeamka nikijua cha kufanya, na nikimaliza nimemaliza, natoka nje natembea kama mtu aliyetoka kazini kweli. Sikuwahi kujisikia hivyo kwenye ile meza ya mlangoni. Naipenda hii kazi na naipenda hapa hapa.

Lakini umetoa neno kwa mtu uliyemfundisha mwenyewe, na jina lililo kwenye ile barua ni langu hata kama mkono ni wako. Mimi ndiye niliyesema nitaripoti. Sitakuaibisha mbele ya mtu anayekuita mwalimu. Nitakusubiri tarehe 2, saa moja na nusu, nimevaa.

Kitindamimba wako


Tarehe 2 Mei

Shikamoo Baba,

Ni saa nane mchana na sielewi kitu.

Nilikuwa tayari tangu saa kumi na mbili na nusu, viatu miguuni, mkoba uko begani. Nikaona nisikae bure wakati nakusubiri, nikafungua sura ya kwanza ya baiskeli. Mwandishi amechanganya gurudumu la mbele na la nyuma, nikawa namnyoosha. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa nne, na mkoba ulikuwa bado begani.

Nimempigia Mama. Anasema uliondoka alfajiri umevaa tai, umerudi na basi la saa sita, umekula, na umemwambia utanijibu kwa maandishi. Nilimwomba akupe simu, ukakataa! Ofisini sijakwenda, sijui ningesema mimi ni nani na nimechelewa kwa sababu gani. Umekasirika? Umefika wapi, Baba, na mimi nilikuwa hapa?

Kitindamimba wako


Kumb. Na. BT/9
Tarehe 5 Mei

Kwa binti yangu,

YAH: KUTOBISHA MLANGO

Marahaba. Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 2 Mei, ambayo imenifikia leo.

Sikukasirika. Nilifika mlangoni kwako saa moja na dakika ishirini. Mkono ulikuwa umeshainuka kubisha, nikakusikia ukichapa kwenye kompyuta. Dirisha lako la ngazini lilikuwa wazi.

Masijala yetu ilipakana na chumba cha wapiga taipu, kati yetu ukuta wa mbao tu. Miaka thelathini na nne nimewasikiliza. Anayejifanya anafanya kazi namjua bila kumwona: anakwenda mbio mkuu akipita, kisha kimya, kisha mbio tena. Na aliyeshikwa na kazi namjua. Anakwenda, anasita, anafuta kidogo, anakwenda tena, na hajali nani anapita. Wewe ulikuwa unakwenda hivyo. Nilisimama robo saa. Nilikohoa mara mbili, hukusikia. Jirani mmoja alipanda ngazi akanitazama kwa kununa, nikaweka kidole mdomoni kumnyamazisha asije akakugongea.

Mwanangu, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu siku niliyokabidhi funguo za masijala. Nakuambia wazi ili iwe kwenye jalada.

Kisha nikashuka, nikaenda ofisini peke yangu. Nilimwambia yule kijana kwamba barua ya maombi niliiandika mimi, na sahihi niliiga mimi, na kwamba binti hakuhusika. Aliichukua ile barua kwenye jalada lake, akanirudishia mkononi. Hakusema neno la kunivunjia heshima, Mungu ambariki. Aliuliza swali moja tu, kwa nini binti mwenyewe hakuja kumwambia.

Nikamwambia hakuweza, yuko kazini.

Baba yako